Kanzidata Inavyozuia Miamala Kugongana

Mifumo ya kielektroniki ya kukata tiketi, kulipia ankara na kutuma fedha hupokea maombi ya watu wengi kwa wakati mmoja. Ombi linalosoma au kubadilisha taarifa katika kanzidata huitwa muamala. Miamala isiposimamiwa, abiria wawili huweza kuuziwa kiti kimoja, na fedha za mteja huweza kupotea.

Kwa mfano, akaunti ina shilingi 100,000. Muamala mmoja unatoa shilingi 30,000 na mwingine unaweka shilingi 50,000. Yote miwili ikisoma salio la awali kabla ya wowote kuandika, mmoja utaandika 70,000 na mwingine 150,000. Utakaoandika mwisho utafuta kazi ya mwenzake, ilhali salio sahihi ni shilingi 120,000.

Kinga inayotumika sana ni kufuli: muamala hufunga taarifa unayoibadilisha, na mingine husubiri. Mwaka 1976 watafiti wa IBM, akiwemo Jim Gray, walieleza kanuni kwamba muamala ukianza kuachia kufuli hauruhusiwi kuchukua nyingine. Gray alitunukiwa Tuzo ya Turing mwaka 1998.

Hata hivyo, katika mifumo ya wakati halisi, kama inayosimamia gridi ya umeme, usahihi pekee hautoshi. Kila muamala una muda wa mwisho, na jibu sahihi lililochelewa huweza kukosa thamani. Tatizo hutokea pale muamala wa dharura unapokuta taarifa imefungwa na muamala usio wa haraka.

Njia mbili hutumika. Ya kwanza, muamala wenye kufuli hurithi kipaumbele cha unaosubiri ili umalize upesi. Ya pili, hukatizwa, mabadiliko yake hufutwa, kisha huanza upya. Njia hii huokoa dharura, lakini muamala unaokatizwa mara kwa mara huweza usikamilike kabisa. Hivyo, wasanifu hulazimika kupima haraka dhidi ya haki.

Pamoja na kinga hizo, kufuli haitambui nia ya mtumiaji. Mtandao ukikatika wakati wa malipo, ombi la pili huweza kuchukuliwa kuwa muamala mpya. Kwa sababu hiyo, ni vyema mwananchi ahakiki salio au ujumbe wa uthibitisho kabla ya kulipa tena.