Je, Wajua? Simu Yako Yaweza Kuishinda Modemu

Je, wajua kwamba mwanafunzi anayehitaji intaneti ya kompyuta kwa wiki mbili tu jijini Eldoret huenda hana haja ya kununua kifaa chochote? Modemu nyingi za kuchomeka zinazouzwa kwa bei rahisi ni za kizazi cha 3G. Nyingine zimeandikwa ubavuni 7.2 Mbps, nayo ndiyo kasi ya juu kabisa, tena ya kwenye karatasi. Safaricom ilianza kutoa 4G nchini Kenya mwaka wa 2014 na 5G mwaka wa 2022, kwa hiyo simu ya kawaida ya 4G iliyo mfukoni, ikigawia kompyuta intaneti yake, huipita modemu hiyo kwa mbali.

Wapo watakaosema simu itaisha chaji. Ni kweli, ukisambaza intaneti kwa Wi-Fi. Lakini ukiiunganisha na kompyuta kwa waya wa USB, hupokea chaji huku ikitoa intaneti. Hoja nzito zaidi ni ya kupigiwa simu: pasipo VoLTE, yaani kupiga simu kupitia 4G yenyewe, simu hushuka hadi 3G au 2G mazungumzo yakiendelea, na intaneti hulegea au kukatika. Hapo, hasa mkiwa watatu chumba kimoja, MiFi ya 4G (kifaa kidogo cha kusambaza Wi-Fi) isiyofungwa kwa mtandao mmoja inastahili fedha zake. Isiyofungwa, nasisitiza, maana mtandao unaoshika vizuri mtaa wa Annex unaweza kusuasua mtaa wa Langas. Kijaribu kifaa ndani ya chumba chenyewe: mabati huzuia mawimbi ya redio, na kukisogeza dirishani mara nyingi huongeza kasi bila gharama.