Elimu ya Uchumi na Hesabu

Wakulima wa Mutuka, mjini Babati, hupanda mbaazi pamoja na mahindi. Agosti 2017 Serikali ya India, nchi iliyokuwa ikinunua sehemu kubwa ya mbaazi za Tanzania, iliweka kikomo cha tani 200,000 kwa mbaazi za kuingizwa nchini humo. Bei ikaanguka, wakulima wakapata hasara.

Msiba wa namna hii ndio unaotufunza haja ya wataalamu wa uchumi wa hesabu. Mwanafunzi wa shahada hiyo hujifunza kupima mahitaji na bei kwa takwimu, na kuonya mapema hatari ya kutegemea mnunuzi mmoja. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, hufundisha uchumi na takwimu. Basi kijana asiikimbie Hisabati.

Wala mzazi asidhani kuwa elimu hii ni ya dunia tu. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Sura Al-Baqara, yaamrisha deni liandikwe. Zaka na mirathi havitimii bila hesabu. Na ajuaye hesabu huitambua riba hata ikijificha. Tuwasomeshe watoto wetu, wa kike na wa kiume, inshallah watatufaa.