JE, WAJUA?

Mmoja wa waliosukuma mbele riwaya ya kisasa ya Kiswahili nchini Kenya ni mwana wa Kilifi. Katama Mkangi, mhadhiri wa sosholojia, alitoa *Ukiwa* mwaka 1975, kisha *Mafuta* mwaka 1984. Mwaka 1986, enzi ya msako wa kundi la siri la upinzani la Mwakenya, aliwekwa kizuizini bila kufikishwa mahakamani.

Kalamu haikunyamaza. Katika *Walenisi* (1995), Dzombo, mwenye jina la Kimijikenda hasa, anahukumiwa kifo, anafungiwa chomboni na kurushwa angani. Hafi. Anatua kwenye sayari ambako watu wanaishi kwa usawa. Ni riwaya ya kijasiri mno, na inastahili wasomaji wengi zaidi hapa Pwani. Mwaka 1997 Mkangi aliwania urais wa Kenya. Alifariki mwaka 2004.