Gunia la alizeti lina masomo mangapi?

Mwezi wa sita hapa kwetu Singida ni mwezi wa magunia. Alizeti imekatwa, imekauka, imepigwa na kupepetwa. Wanunuzi wanaingia vijijini na magari yao. Kila nyumba ina jambo la kuuza.

Mwaka mmoja nilifika kwa mzee mmoja wakati anauza magunia 9. Mnunuzi alikuja na magunia yake mwenyewe. Gunia lilipojaa, hakulifunga. Aliliongezea kamba juu, akajaza tena mpaka likawa na kichwa kama kilima. Wewe unajua jina lake: lumbesa. Mtoto wa mzee huyo, mwanafunzi wa darasa la saba, alikuwa pale akishika uzi wa kushonea.

Gari lilipoondoka nilimwita.

"Shikamoo, bwana shamba."

"Marahaba. Gunia la kawaida ni debe ngapi?"

"Sita."

"Na haya mliyouza leo?"

"Nane."

"Kwa magunia tisa, debe ngapi zimekwenda bila malipo?"

Alitazama chini kidogo tu. "Kumi na nane."

"Hayo ni magunia mangapi?"

"Matatu."

Mzee aliweka fimbo yake chini. "Mbona hukusema?"

"Baba, hamkuniuliza. Na shuleni hatujawahi kuhesabu magunia. Tunahesabu machungwa."

Ndugu msomaji, hapa kwetu machungwa huletwa na gari kutoka mbali. Mtoto yule hesabu aliijua. Lakini hesabu yake ilikaa ndani ya daftari, na magunia ya baba yake yalikaa nje. Hakuna aliyewahi kuvikutanisha. Nyumba ile ilipoteza magunia matatu siku moja, na mwenye kujua alikuwa amesimama pale pale na uzi mkononi.

MTAALA NI NINI?

Tangu siku ile nimekuwa nikiulizauliza habari za mtaala, ingawa kazi yangu ni mazao. Mtaala ni mpango wa mambo yote ambayo mtoto atajifunza shuleni: masomo gani, yafuatane vipi, yafundishwe kwa njia gani, na mtoto apimwe namna gani. Kila somo nalo lina mpango wake, unaoitwa muhtasari. Mwalimu hutazama muhtasari huo anapoandaa kazi ya wiki.

Mimi ninauelewa kwa mfano wa shamba. Kabla ya mvua unapanga: mbegu ipi, nafasi gani, nini kitangulie. Ukichanganya mazao unaacha nafasi ili moja lisilifunike lingine. Masomo ni hivyo hivyo. Ukiyasonga mno hayazai. Lakini ukiyatenga kila moja na uzio wake, mtoto hatajua kwamba hesabu ya saa mbili asubuhi na sayansi ya saa nne zinahusu dunia moja.

Mtaala wa shule zetu huandaliwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1975. Mtaala ulioboreshwa ulianza kutumika shuleni Januari 2024, kwa hatua. Kuanzia darasa la tatu watoto husoma Kiswahili, Kiingereza, Hisabati, Sayansi, Jiografia na Mazingira, Historia ya Tanzania na Maadili, Sanaa na Michezo. Na elimu ya msingi sasa imepangwa kuwa miaka sita badala ya saba.

Kijiji hakiwezi kubadili mtaala, na si vizuri kila kijiji kiwe na wake. Mtoto wa Manyoni akihamia Mwanza lazima akute masomo yale yale. Lakini muhtasari ukisema watoto wajifunze kupima uzito, hausemi wapime nini. Pengo hilo ni letu sisi kulijaza.

JAMBO HILI SI GENI

Wazee wetu wanakumbuka. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitoa maandishi yake ya Elimu ya Kujitegemea. Alitaka elimu ya msingi iwe kamili yenyewe, isiwe njia tu ya kwenda sekondari, maana watoto wengi hawakufika huko. Alitaka shule ziwe na mashamba. Mwaka 1971 katika kijiji cha Kwamsisi, Mkoa wa Tanga, kulianza jaribio la shule ya jamii, likisaidiwa na Chuo cha Ualimu cha Korogwe. Huko kazi za kijiji zilitafutiwa nafasi ndani ya masomo. Ulikuwapo pia mpango uitwao MTUU, wa Tanzania pamoja na UNICEF na UNESCO, wa kuzisogeza shule nyingine karibu na maisha ya vijiji.

Fikra ilikuwa njema. Utekelezaji haukuwa sawa kila mahali. Mimi nilimaliza darasa la saba katikati ya miaka ya 1990, katika shule ambayo sitaitaja. Tulikuwa na shamba kubwa. Tulilima, tulipalilia, tulivuna. Aliyechelewa namba aliongezewa matuta mawili. Katika miaka yote saba sikumbuki hata siku moja kupima mavuno yetu, wala kuambiwa yaliuzwa kwa bei gani. Jembe lilikuwa adhabu, na shamba halikuwa na somo ndani yake. Basi sishangai nikisikia mzazi akisema, "Nimempeleka mtoto akasome, siyo akalime. Kulima atalima nyumbani."

Mzazi huyo ana haki. Nami sisemi watoto walime zaidi. Kipande kidogo kinatosha, tena hata gunia moja lililoazimwa kwa mzazi linatosha.

HEBU TULIFUNGUE GUNIA

Tuanze na Hisabati. Chukua kipande cha meta 30 kwa meta 15. Alizeti hupandwa sentimeta 75 kati ya mistari na sentimeta 30 kati ya mashimo. Je, mistari ni mingapi? Meta 15 ukigawa kwa sentimeta 75 unapata mistari 20. Kila mstari wa meta 30 una mashimo 100. Basi shamba lote lina mashimo 2,000. Watoto wa darasa la nne wanaweza kufanya hesabu hiyo kwa kamba na vijiti, tena wakikosea wataona kosa lao kwa macho.

Watoto wa darasa la kwanza wapewe mbegu kiganjani wahesabu kumi kumi. Darasa la tatu wapime. Wajaze debe la mahindi na debe la alizeti, waweke kwenye mizani. Debe ni lile lile, lakini uzito ni mbali kabisa! Hapo mtoto ataelewa kwamba ujazo ni kitu kimoja na uzito ni kitu kingine, na kwamba anayenunua kwa debe au kwa gunia ananunua ujazo. Darasa la sita wafanye asilimia. Tuseme kilo 50 za mbegu zimetoa kilo 15 za mafuta. Hiyo ni asilimia 30. Mashudu yana thamani gani? Ada ya kukamua ni kiasi gani? Je, ni heri kuuza mbegu au mafuta?

Sasa Sayansi. Kabla ya kupanda, hesabu mbegu 100, zifunge katika kitambaa kibichi, usikiache kikauke. Baada ya siku saba hesabu zilizoota. Zikiota 85, uotaji ni asilimia 85. Sisi mabwana shamba tunalihubiri jaribio hili kila mwaka, na wakulima wengi hawalifanyi. Mtoto akilifanya shuleni atalileta nyumbani, na baba atajua mbegu yake mbovu kabla ya kupoteza mvua.

Tena watoto wautazame mmea wenyewe. Alizeti changa hufuata jua, asubuhi mashariki, jioni magharibi. Ikikomaa huacha kugeuka, nayo hubaki imeelekea mashariki. Wengi wetu tumeishi na alizeti miaka mingi bila kulitazama jambo hili. Na kwa nini vichwa vingine vina mapepe katikati? Mara nyingine ni ukame, mara nyingine ni upungufu wa nyuki wa kuchavusha. Mkulima anayenyunyiza dawa wakati wa maua, saa nyuki wanafanya kazi, anajipunguzia mavuno mwenyewe. Mwisho, miminia mafuta katika chupa yenye maji. Yataelea. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo 1, lita moja ya mafuta ya alizeti ni karibu gramu 920 tu.

Jiografia ni rahisi. Watoto waweke kopo la kupimia mvua, waandike kila siku tangu mvua za Desemba hadi Aprili. Watajua kwa nini alizeti, mtama na uwele vinakubali hapa, na kwa nini kahawa haikubali.

Historia: alizeti asili yake ni Amerika ya Kaskazini. Ilisafiri nchi nyingi kabla ya kufika kwetu. Na tukitaja nyuki, mzee gani wa Kinyaturu hajui habari za Liti, mama aliyeongoza watu kuwapinga Wajerumani? Wazee husimulia kwamba nyuki walikuwa silaha yake. Mwalimu mmwite bibi mmoja aje asimulie, watoto waandike. Hapo tayari ni Kiswahili pia. Waandike na barua ya kumuuliza mnunuzi bei, na waandike stakabadhi ya mauzo: tarehe, kilo, bei, sahihi. Sanaa watachora. Kiingereza nacho kina kazi, maana makopo mengi ya dawa tunayoletewa yana maandishi ya lugha hiyo, na mwanangu ndiye anayenisomea jirani zangu.

MUDA UPO

Walimu watasema muhtasari ni mrefu na mtihani unakuja. Ni kweli. Lakini tazama kalenda. Shule hufunguliwa Januari, alizeti ikiwa inapandwa au inachipua. Februari na Machi ni palizi na maua. Muhula unafungwa mwezi wa sita, mavuno yakiwa tayari. Hakuna kipindi kipya kinachoongezwa. Mwalimu wa Hisabati anafundisha asilimia ile ile iliyomo katika muhtasari, ila anaitoa kwenye gunia. Kinachotakiwa ni walimu wa masomo kukaa pamoja siku moja kabla ya muhula, waandike kwenye karatasi moja: mwezi gani shambani kuna nini, na mada gani ya nani inaingia hapo.

Na wewe mzazi una sehemu yako. Kamati ya shule ni yako. Kwenye mkutano uliza mambo mawili: shamba la shule linafundisha somo gani mwezi huu, na mavuno ya mwaka jana yalikuwa kilo ngapi? Majibu ya swali la pili yabandikwe ukutani, kwa mwandiko wa watoto.

MIZANI ILIPOKUJA

Shule moja katika kata ninayofanyia kazi ilijaribu. Iliazima mizani ya chama cha msingi cha ushirika kwa siku mbili. Watoto walipima mavuno yao, wakaandika. Siku ya pili wazazi wakaanza kuleta magunia yao, kwanza mmoja, kisha wengi.

Yule mzee wa lumbesa alikuja naye. Aliniuliza kama sheria haimlindi. Nilimweleza kwamba sheria ya vipimo haitaki gunia lizidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo hupambana na lumbesa. Lakini alizeti ni nyepesi. Gunia lake linaweza kuota kichwa kama kilima na bado lisifike kilo 100. Kwa hiyo ilimpasa auze kwa kilo.

Msimu uliofuata alikataa kuuza kwa gunia. Mnunuzi wa kwanza alicheka, akawasha gari, akaondoka. Usiku ule mzee hakulala vizuri, mwenyewe aliniambia. Ada ya kukodi trekta ilikuwa inamsubiri. Mnunuzi wa pili alikuja baada ya siku nne. Naye alinung'unika, lakini aliketi kivulini akangoja mizani. Kijana wake, ambaye alikuwa amemaliza shule, ndiye aliyesoma kilo kwa sauti. Mdogo wake wa darasa la tano aliandika.