Kwa nini biashara zapaswa kuteketeza rekodi za wateja badala ya kuzitupa

MTU anayenunua njugu za shilingi kumi kando ya barabara jijini Nairobi hupokezwa kijipakiti cha karatasi kilichokunjwa kwa ustadi. Akishazila hukitupa bila kukitazama. Lau angekikunjua, pengine angekuta ni ukurasa wa daftari la mwanafunzi. Pengine pia angekuta fomu ya maombi ya mkopo yenye jina, nambari ya kitambulisho na nambari ya simu ya mtu asiyemjua.

Muuza njugu hana hatia. Yeye hununua karatasi kuukuu kwa kilo. Mkosa ni mwenye ofisi aliyedhani kwamba karatasi ikishavuka mlango wake si mzigo wake tena.

Sheria ya Kulinda Data, iliyoanza kutumika Novemba 25, 2019, haikubaliani naye. Sheria hiyo, inayotilia nguvu haki ya faragha iliyo katika Kifungu cha 31 cha Katiba, inasema habari za mtu zihifadhiwe kwa muda ule tu unaohitajika kutimiza lengo lililofanya zichukuliwe. Muda huo ukiisha, mwenye biashara anatakiwa kuzifuta au kuziondolea kila kitu kinachoweza kumtambulisha mhusika. Anayekaidi anaweza kutozwa faini ya hadi Sh5 milioni au asilimia moja ya mapato ya biashara ya mwaka uliotangulia, kutegemea kiasi kipi ni kidogo. Mbali na faini, mteja aliyepata hasara ana haki ya kudai fidia.

Hasara yenyewe si ya kufikirika. Tapeli mwenye jina kamili, nambari ya kitambulisho na nambari ya simu ana nusu ya anachohitaji. Humpigia mwathiriwa akijidai ni mhudumu wa benki, akamtajia habari zake moja baada ya nyingine hadi mwenyewe akaamini na kutoa nambari ya siri. Au hutumia habari hizo kuomba laini ya simu ya mwenzake ibadilishwe, na kuanzia hapo ujumbe wote wa benki humfikia yeye.

Sasa tazama ni wangapi wanaozikusanya habari hizo tatu kwa pamoja. Wakala wa pesa kwa simu alikuwa nazo katika daftari lake, mteja baada ya mteja, ukurasa baada ya ukurasa. Mlinzi langoni mwa jengo anazo. Mkahawa wa intaneti uliomsaidia mtu kujaza ripoti ya ushuru una nakala ya kitambulisho chake kwenye kompyuta ambayo wateja wengine wataitumia alasiri hiyo hiyo.

Hata hivyo, mfanyabiashara asikimbilie kiberiti. Sheria ya taratibu za ushuru ya 2015 inataka rekodi za biashara ziwekwe kwa miaka mitano, nazo benki na taasisi nyingine za kifedha zinatakiwa na sheria dhidi ya ulanguzi wa pesa kuhifadhi rekodi za wateja kwa angalau miaka saba. Kwa hivyo kila rundo linahitaji tarehe yake ya kuzaliwa na ya kufa.

Karatasi ndizo rahisi. Mashine ya kukata karatasi vipandevipande inatosha, na duka lisilo na mashine linaweza kuzichana na kuziloweka majini hadi ziwe rojorojo.

Kompyuta ndizo zenye hila. Kufuta faili, hata baada ya kulitoa kwenye kapu la taka la kompyuta, kwa kawaida huondoa anwani yake tu. Chenyewe hubaki kwenye diski hadi kitu kingine kiandikwe juu yake, na kuna programu za kukirejesha. Mashine nyingi kubwa za kunakili hati nazo zina diski ndani, jambo ambalo wengi hawalijui wanapoziuza.

Benki ya Morgan Stanley ya Marekani ilijifunza hayo kwa gharama kubwa. Iliikabidhi kampuni ya kuhamisha mizigo, isiyokuwa na ujuzi wowote wa kuharibu data, kazi ya kuondoa maelfu ya diski na kompyuta kuu zilizostaafishwa. Baadhi ziliishia kunadiwa mtandaoni zikiwa bado na habari za wateja. Mnamo Septemba 2022 benki hiyo ilikubali kulipa faini ya dola 35 milioni, zaidi ya Sh4 bilioni wakati huo.

Wahamishaji mizigo hawakulipishwa faini hiyo. Waliokuwa wamepewa siri ndio waliolipa. Nchini Kenya pia, biashara inayompa mtu mwingine kazi ya kushughulikia data inatakiwa kuandikiana naye mkataba. Na rekodi zikiangukia mikono isiyofaa kiasi cha kuwahatarisha wateja, Kamishna wa Data lazima aarifiwe katika muda wa saa 72 baada ya biashara kugundua, hata kama zilipatikana zimefungiwa njugu.