Fahamu: Kwa nini Louisiana inastahili fungu la mafuta ya baharini

Nchini Marekani, mafuta yanayochimbwa mbali na pwani ni ya serikali ya shirikisho. Hata hivyo, sheria ya mwaka 2006 iitwayo GOMESA huyapa majimbo manne ya Ghuba ya Mexico, yaani Louisiana, Texas, Mississippi na Alabama, asilimia 37.5 ya mapato ya vitalu vinavyohusika, na moja ya tano ya mgawo huo huenda moja kwa moja kwa serikali za mitaa za pwani. Mgawo huu ni wa haki kwa kuwa hasara nayo haigawanywi sawa. Tangu miaka ya 1930 Louisiana imepoteza takriban kilomita za mraba 5,000 za ardhi. Kuta za Mto Mississippi huzuia tope lililokuwa likirutubisha vinamasi, huku mifereji iliyochimbwa kwa ajili ya visima na mabomba ikiingiza maji ya chumvi yanayoua mimea inayoshika udongo.

Wapo wanaosema bahari ni ya Wamarekani wote. Ni kweli, lakini visima vya nchi kavu vilivyo katika ardhi ya umma huyaachia majimbo mengi takriban nusu ya mapato. Hoja nzito zaidi ni kwamba uhifadhi wa pwani unaolipiwa na mgawo huu unategemea bei ya mafuta inayoyumba. Hilo halifuti mgawo, bali linadai nidhamu: Louisiana imeweka kwenye katiba yake kwamba fedha hizi ni za kulinda na kufufua pwani. Mgawo usio na ulinzi wa namna hiyo humezwa upesi na matumizi mengine.