Chembe za Sumaku Zijipangapo Safu

Sisi tuliozoea uwanja wa gwaride twafahamu kwamba safu haijipangi yenyewe. Sharti sauti ya sajini isikike. Basi yastaajabisha kwamba chembe za sumaku ndani ya kimiminiko hujipanga pasipo mkono wa mtu kuzigusa.

Mwaka 1878 Alfred Mayer wa Marekani alichoma sindano zenye usumaku katika vipande vya kizibo, akaziacha zielee majini, ncha za aina moja zikielekea juu. Zikasukumana. Aliposhika sumaku juu yake, ikazivuta zote katikati. Baina ya kuvutwa na kusukumana, sindano tatu zilifanya pembetatu, nne mraba, tano umbo la pembe tano. Ilipotiwa ya sita, moja iliingia katikati, nyingine tano zikaizunguka.

Chembe za chuma zilizo katika mafuta nazo zina mpango wao. Zikaribiwapo na sumaku, kila moja hugeuka sumaku ndogo. Kichwa cha hii hushika mkia wa ile, ikawa minyororo. Minyororo hukusanyika ikawa nguzo, na katika tabaka jembamba kila nguzo yaweza kuzungukwa na nyingine sita, mfano wa sega la nyuki. Mafuta yaliyokuwa yakitiririka huwa mazito kabla hujapepesa jicho. Tangu mwaka 2002 ufundi huo umetumika katika shokomzoba za magari. Hapa duniani chembe huzama, kwa hiyo kuanzia mwaka 2003 zimechunguzwa hata katika kituo cha anga cha kimataifa.

Lakini shabaha yetu ni Kyambogo. Chuo Kikuu cha hapo, kilichoundwa mwaka 2003 kwa kuunganisha vyuo vitatu, hufunza walimu, na baadhi yao watafundisha shule zisizo na maabara. Huko mtoto hukariri maana ya usumaku kwa ajili ya mtihani, asiuone kamwe. Twaona ni hasara isiyo ya lazima. Beseni la maji, sindano, vipande vya kandambili kuukuu (navyo huelea barabara) na sumaku ya spika ya redio iliyokufa vyatosha kurudia kazi ya Mayer. Mwalimu aangalie tu kwamba sindano zasuguliwa upande mmoja, kutoka tundu hadi ncha. Zikisuguliwa huku na huku hazipati nguvu.